Mama Yuko Gari Gani

Bingwa hakuitwa Bingwa kwa sababu aliwahi kushinda kitu. Ndugu zake walimpa jina hilo tangu utotoni kwa kuwa hakukuwa na jambo asilolijua. Mwulize habari za mvua, anazo. Mwulize habari za injini, atakufungulia boneti kabla hujamaliza swali. Kwa hiyo alipolikuta lile tela la kulala, ambalo wenye nalo huliita karavani, limetupwa nyuma ya gereji na kuku wamelifanya banda, alilivuta hadi nyumbani bila kumwuliza mtu. Mwaka mzima alikuwa nalo uani akiligonga, akiliziba, akilipaka rangi. Akatengeneza kitanda cha mbao upande wa nyuma, karibu na mlango, na viti viwili vya kukunja upande wa mbele. Mkewe akashona mapazia. Lilipendeza, tusimnyime haki yake.

Halafu, siku chache kabla ya safari, akapanda juu ya paa kuziba tundu la mwisho, akateleza, akavunja mkono wa kulia. Basi bwana, usukani ukamwangukia mke.

Huyu mke alikuwa mtoa dawa hospitalini, mtu wa dirishani, anayekuhesabia vidonge huku anakutazama usoni na kukuuliza kama umekula. Katika familia ya mumewe walimwita Mkwe, basi. Mama mkwe ndiye aliyeanza kumwita hivyo siku ya kwanza, na wengine wakafuata. Gari alikuwa anaendesha miaka mingi. Lakini kuendesha gari ni jambo moja, na kuvuta nyumba ni jambo jingine kabisa.

Na safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mama alikuwa na uvimbe kwenye uti wa mgongo. Hospitali kubwa, mbali, chini kule bondeni, ilikuwa imempangia matibabu ya mionzi ya wiki kadhaa, kuanzia Jumatatu asubuhi. Asipotokea, nafasi yake anapewa mwingine, na daktari alikwisha sema waziwazi kwamba mgongo ule hauna subira ya kungoja foleni nyingine. Nyuma ya hospitali kulikuwa na kiwanja ambako ndugu wa wagonjwa waliruhusiwa kuegesha na kulala. Ndiyo maana ya tela. Lengo ni Mama afike, na akifika awe na mahali pa kulala na watu wake.

Mkwe alifundishwa na fundi wa kuchomelea aliyeitengeneza upya shingo ya tela, ule mkono wa chuma unaoshikana na gari. Walikwenda uwanja wa mpira. Siku ya kwanza alijaribu kurudi nyuma. Akakata usukani kushoto, tela likaenda kulia, akaangusha goli. Watoto waliokuwa wakicheza walimshangilia kama mfungaji. Alishuka, akalisimamisha goli, akarudi kwenye usukani. Siku ya tatu alikuwa anarudi nyuma vizuri kuliko Bingwa, ingawa Bingwa, mkono ukiwa kwenye bandeji, hakuacha kumwelekeza kutoka dirishani.

"Sikia, mama," fundi alimwambia siku ya mwisho. "Mengine yote utayazoea. Hili moja ulishike. Mzigo ukiwa mbele, tela linakufuata wewe. Mzigo ukiwa nyuma, wewe ndiye unalifuata tela. Na likishaanza kutikisa mkia, usikanyage breki kwa pupa. Ukikanyaga, linakupita."

"Nifanye nini sasa?"

"Ondoa mguu kwenye mafuta. Shika usukani wako, nyoosha, kaa kimya. Na kila mkisimama, kabla hamjaondoka, fungua mlango utazame ndani. Kila mkisimama."

Kilichomuuma Mkwe si kujifunza. Kilichomuuma ni maneno ya Mama. Jumamosi jioni, wote wamekaa sebuleni kupanga nani apande gari gani, Mama alisema mbele ya watu, bila hata kupunguza sauti: "Mimi siendeshwi na Mkwe. Nitapanda kwa huyu mdogo."

Huyu mdogo ni shemeji yake Mkwe, mdogo wake Bingwa, ambaye alikuwa na kigari kidogo cha milango miwili na muziki wa juu. Bingwa alijikuna bandeji. Mkwe aliinuka kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi tayari, na huko jikoni alilia kidogo, tuseme ukweli. Maana halikuwa la siku ile tu. Mwezi mzima Mama alikuwa anamkwepa. Akiingia chumbani na dawa, Mama anajifunika uso anajifanya amelala. Akisema amsaidie kuoga, Mama anamtaka jirani. Mkwe alijichunguza kosa lake hakuliona, na jambo usilolijua kosa lake linauma zaidi.

Waliondoka Jumapili asubuhi. Shemeji alitangulia na Mama, Mkwe akafuata na tela, Bingwa pembeni yake akiwa na ushauri wa kutosha safari tatu. Barabara ilikuwa tambarare na tela lilikuwa na adabu. Lilifuata. Malori yakiwapita lilitikisika kidogo, likarudi mahali pake. Kufikia mchana mabega ya Mkwe yalikuwa yameanza kushuka kutoka masikioni.

Walisimama wote kwenye kituo cha mafuta kilicho mwisho wa tambarare, pale barabara inapoanza kuteremka milimani. Kituo kilikuwa kimejaa. Mkwe alikwenda kupanga foleni ya choo. Shemeji alijaza mafuta, na kwa kuwa lori lilikuwa nyuma yake likimpigia honi, akaondoka. Bingwa alijaza maji madumu mawili makubwa, akafungua mlango wa tela na kuyasukumiza hapohapo mlangoni, upande wa nyuma, kwa kuwa alikuwa na mkono mmoja na uvivu wa mikono miwili. Kisha akaenda dukani kununua soda.

Mkwe aliporudi alizunguka tela kama alivyofundishwa. Akapiga teke matairi, akavuta mnyororo wa usalama, akatazama taa. Akafika mlangoni.

"Nimeshaangalia ndani," Bingwa alisema kutoka kwenye kiti chake, mdomo kwenye chupa. "Twende, tutachelewa. Mdogo wangu ameshatangulia."

Mkwe alisita. Akatia ufunguo, akafunga mlango kwa nje, akapanda garini.

Kona ya kwanza tu, moyo wake ulikataa. Tela halikuwa lile la asubuhi. Lilikuwa jepesi mbele. Gari lilikuwa kama linainuliwa kidogo nyuma, na usukani ulikuwa laini mno mikononi. Walipotoka kwenye kona tela lilichelewa kunyooka, likaenda kidogo kushoto, likaenda kidogo kulia.

"Mbona linacheza?"

"Upepo," Bingwa alisema. "Milimani kuna upepo."

"Maji umeyaweka wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Mlangoni. Si unaona mkono wangu? Madumu mawili tu, mama watoto. Yatafanya nini tela zima?"

Mkwe alishusha gia hadi ya pili na kuiacha injini iungurume. Upande wa kulia ulikuwa mwamba. Upande wa kushoto kulikuwa na vyuma vya ukingo, vingine vimekwisha kupindwa na watu waliotangulia, na baada ya vyuma hakukuwa na kitu isipokuwa vilele vya miti, chini kabisa. Pa kusimama hapakuwapo. Nyuma yake lori lilikuwa limemganda na dereva wake alikuwa hana haya na honi. Akasema moyoni, nikipata tu penye upana nitasimama niyahamishe hayo madumu, na Bingwa akiniletea maneno nitamwacha hapohapo na soda yake.

Simu ya Bingwa ikaita. Akaiweka sauti ya juu.

"Kaka, hebu mpe Mama simu," ilikuwa sauti ya Shemeji. "Ameacha miwani yake kwenye gari langu. Nataka kumwambia asiitafute."

"Mama gani?"

"Mama gani tena? Mama."

"Si yuko kwako?"

Muziki ulizimwa upande wa pili.

"Kaka, acha masihara. Pale kwenye mafuta aliniambia anahamia kwenu. Akaniambia niondoke, lori linanipigia honi."

"Kwetu hayupo," Bingwa alisema, na sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtoto. "Hayupo. Tumemwacha kituoni. Mke wangu, tumemwacha Mama kituoni, geuza gari."

"Nigeuze wapi?"

"Geuza. Yule mgonjwa, yuko peke yake pale—"

"Hatukumwacha," Mkwe alisema.

Alikuwa anaangalia barabara tu. Madumu mawili yasingefanya vile; mikono yake ilikuwa imemwambia tangu kona ya kwanza, na yeye akakubali kuambiwa upepo. "Yuko humo nyuma. Yuko kitandani. Nimemfungia kwa ufunguo."

Bingwa alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mara ya kwanza tangu waoane.

Na lori lililokuwa nyuma likachoka kusubiri. Barabara ilinyooka kidogo, likajitoa, likawapita huku likiunguruma, refu, lisiloisha, na upepo wake ukalivuta tela kulia. Kisha likamalizika kupita, na tela likarudi kushoto kwa nguvu. Kisha kulia. Kisha kushoto zaidi. Gari lote likawa linatingishwa kwa nyuma na Mkwe akaona kwenye kioo cha pembeni ukuta mzima wa tela, kisha hakuna tela, kisha ukuta tena.

"Breki," Bingwa alipiga kelele. "Kanyaga breki. Kanyaga."

Mguu wake ulitaka. Mwili wote ulitaka. Aliuondoa mguu kwenye mafuta akauweka sakafuni, akashika usukani kwa mikono miwili, akaunyoosha, wala hakujaribu kulifukuza lile tela linakokwenda. Kila likivuta, aliliacha livute. Vyuma vya ukingo vilipita karibu kiasi cha kuhesabu misumari yake. Bingwa alikuwa ameacha kusema breki na sasa alikuwa anasema Mungu wangu, Mungu wangu, kwa sauti ya chini. Polepole, kwa shingo upande, tela lilipunguza. Likawa linatikisika tu kama asubuhi, au zaidi kidogo ya asubuhi.

Lakini mteremko haukuwa umekwisha. Gari lilianza tena kushika kasi lenyewe. Akigusa breki kidogo, mkia unaanza. Akiacha, kasi inapanda. Mbele aliona kona, na kabla ya kona kibao cha kuonya kona nyingine.

"Mpigie Mama."

"Nini?"

"Mpigie Mama simu. Weka sauti."

Bingwa alibonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, akakosea, akabonyeza tena. Iliita sana.

"Nyinyi mnaendeshaje huko?" Mama aliuliza. Hakusalimia. Nyuma ya sauti yake vyombo vilikuwa vinagongana kabatini. "Sinki limenimwagikia vikombe."

"Mama, mimi Mkwe. Uko kitandani?"

"Kuna pengine pa kulala humu?"

"Mama, nisikilize vizuri. Uzito wako uko nyuma na maji yako nyuma, na tela linataka kutupindua. Toka kitandani. Njoo mbele, kwenye vile viti, lala sakafuni."

"Siwezi."

"Mama, tafadhali. Nikasirikie kesho. Leo sogea."

"Wewe mtoto, sijasema sitaki," Mama alisema, na sauti ikapungua. "Nimesema siwezi."

Kuna watu wengi wamewahi kumwambia Mkwe neno hilo kupitia lile dirisha la dawa, na alijua tofauti ya siwezi na siwezi. Hakuwa na nafasi ya kuuliza zaidi. Kona ilikuwa imefika. Aliingia akiwa amebana meno, na tela likamsukuma kuelekea nje ya kona, gurudumu la kushoto likakanyaga kokoto za ukingoni na kurudi.

"Basi tumia mikono," alisema. "Jivute kwa mikono, Mama. Shika miguu ya kabati."

Kitu kilianguka, kizito, na Mama alitoa sauti moja ya maumivu iliyomfanya Bingwa afumbe macho. Kisha sauti ya kitambaa kinachoburuzwa. Kinasimama. Kinaburuzwa.

"Madumu," Mkwe alisema. "Uko karibu nayo? Yafungue vifuniko. Yaangushe yamwagike."

"Nitalowa."

"Lowa, Mama."

Simu ikakatika, mlima umekula mtandao. Bingwa aliitazama ile simu kama ni yeye aliyeiua. Mkwe hakuwa na jinsi ya kujua kinachoendelea isipokuwa kwa mikono yake. Kona moja, hakuna kitu. Kipande kilichonyooka, mkia unaanza tena, aliacha mguu sakafuni, akasubiri. Halafu Bingwa alisema, "Maji. Maji yanatoka chini ya mlango," na Mkwe aliona kwenye kioo mchirizi mweusi juu ya lami nyuma yao.

Na polepole, polepole sana, gari lilianza kukaa chini. Usukani ukapata uzito. Ilikuwa kama mtu aliyeegemea mlango kwa ndani anavyosogea na mlango unafunguka wenyewe. Mkwe alimsikia mama mkwe wake kwa viganja vyake, anakuja mbele, shubiri moja, anapumzika, shubiri nyingine. Alijaribu breki kwa ncha ya kiatu. Tela likatii. Akajaribu tena. Likatii.

Baada ya kona mbili palikuwa na uwanja wa kokoto unaotumiwa na malori kupooza breki. Lile lori lililowapita lilikuwa hapo. Mkwe aliingia, akasimama, akavuta breki ya mkono, na hakukumbuka baadaye kama alizima injini. Alitia mawe kwenye magurudumu kwa sababu mikono yake ilikuwa inajua, kisha akafungua ule mlango.

Mama alikuwa mbele, sakafuni, kati ya viti viwili, shavu juu ya vigae vya plastiki, nguo zote zimelowa. Alikuwa mdogo kuliko alivyokuwa asubuhi. Alikuwa amepitia urefu wote wa tela kwa viwiko, na viwiko vilikuwa vinatoka damu.

"Mama," Bingwa alisema nyuma yake akilia.

"Huyo abaki nje," Mama alisema. "Funga mlango, Mkwe."

Mkwe aliufunga. Alipiga magoti majini. Akampapasa mabega, akaushika mkono wake, kisha akatelemsha mkono wake mwingine hadi miguuni na kumbana kidole gumba.

"Nimeshika wapi?"

"Umeshika?"

Akabana kingine. Mama aliangalia chini ya kabati.

"Tangu lini?"

"Juzi ilianza ganzi. Pale kwenye mafuta mama mmoja wa pampu alinishikilia kuingia, nikamwambia ni uchovu. Nilipolala ndipo miguu ikafa kabisa." Alipumua. "Kwa mdogo mtu nisingeweza kukaa tena. Kile kiti kinanichoma kisu."

"Na kwa nini hukusema, Mama?"

"Ningesema wangeghairi safari. Wangeniita wazee, wangeniombea, wangejadiliana wiki nzima. Wanangu nawapenda lakini ni waoga. Huyo wa nje ukimwambia ana kikohozi anaandaa wosia."

"Mimi je? Ungeniambia mimi."

"Wewe ningekuambia nini?" Mama alisema kwa hasira, na hapo machozi yakamtoka. "Wewe ukinitazama tu unajua. Kazi yako hiyo. Mwezi mzima nimekukimbia usinitazame. Nilifikiri, nikifika kule Jumatatu watanitia mashine yao, hakuna haja mtu yeyote kuogopa."

Mkwe alikuwa amembebea mwanamke huyu kinyongo cha mwezi mzima, na muda wote huo alikuwa anaogopwa kama kipimo. Alitaka kucheka na alitaka kumpiga. Na zaidi ya vyote alikuwa amejaa hofu, kwa sababu alijua kitu ambacho Mama hakukijua: miguu ikifa ganzi namna ile, uvimbe umebana uti, na hizo si habari za Jumatatu. Hizo ni habari za leo, saa kwa saa. Na yeye ndiye aliyemtambaza mgongo ule sakafuni.

"Usijitikise," alimwambia. "Hata kichwa. Sasa tunakwenda kwa njia yangu."

Alitoka nje. Bingwa alikuwa amesimama na mkono wake wa bandeji kifuani. Dereva wa lori alikuwa amekuja na shati limefunguliwa, bila shaka akiwa na maneno tayari, lakini alikuwa ameuona uso wa Bingwa na akayameza.

"Ng'oa ubao wa kitanda," Mkwe alimwambia mumewe. "Ule mrefu. Tutamlaza juu yake, bapa, asipinde popote, na tumwingize kwenye gari kwa mlango wa nyuma. Viti nitavilaza."

"Mlango wa nyuma haufunguki. Tela limeziba."

"Ndiyo. Tunalitoa tela."

Bingwa alimtazama. "Tulitoe, tuliache hapa?"

"Hapa."

"Tukiliacha barabarani hatutalikuta. Kesho hata pazia hatutalikuta."

"Bingwa, mama yako hana miguu."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya dirishani. Bingwa aligeuka akaliangalia tela lake: ile rangi, yale madirisha, lile paa lililomvunja mkono. Alipiga goti kwenye kokoto, akaishika ile jeki ya mbele kwa mkono wa kushoto, akaanza kuizungusha, akilia bila kujificha, na dereva wa lori alipoinama kumsaidia alimwambia, "Ule mnyororo kwanza, kaka. Fungua mnyororo kwanza." Alikuwa sahihi, safari hii.

Shingo ya tela ikainuka, ikaachia. Walimlaza Mama kwenye ubao, Mkwe akimshika kichwa, dereva na utingo wake wakishika pande, Bingwa akishika kwa mkono alionao. Walimwingiza kama mkate kwenye tanuri. Bingwa alijikunja nyuma humo pembeni yake asiachie mabega yake. Dereva wa lori alisema atatangulia na taa zinawaka, na kweli alitangulia, honi ile ile iliyokuwa inamtukana Mkwe sasa ikimfungulia njia kila kona. Shemeji alikuwa anasubiri chini ya mlima. Hawakusimama. Walimpungia tu, naye akafuata.

Walifika jua likiwa bado juu ya mapaa. Mkwe aliingia mapokezi anakimbia, na alipoambiwa wagonjwa wa mionzi ni Jumatatu, alisema maneno matatu ya kidaktari kwa mpigo, ambayo alikuwa hajawahi kuyasema kwa mtu wa familia yake, na mlango ukafunguka.

Daktari wa zamu alikuwa dada mdogo mwenye macho ya kutolala. Alipapasa mgongo, akabonyeza mapaja, akauliza ganzi ilianza lini. Mama alisema leo. Mkwe alisema juzi. Daktari aliandika juzi. Kisha akachukua kalamu yake, akaifunga kifuniko, akaiburuta kwenye wayo wa mguu wa kulia.

"Unasikia?"

Bingwa na mdogo wake walikuwa wamesimama ukutani kama wanafunzi.

"Unasikia, Mama?"

"Hapana."

Mguu wa kushoto. Akaburuta polepole kutoka kisigino hadi vidoleni. Mama alikuwa ameyafumba macho na mkono wake ulikuwa umeubana wa Mkwe hadi kucha zinaingia.

"Hapana."

Shemeji alitoka nje. Daktari aliweka kalamu chini, akachukua sindano, akarudi mguu wa kulia, akagusa kidole kikubwa. Akagusa cha pili. Akagusa kile kidogo cha mwisho, ukingoni.

"Nani ameweka nzi hapo?" Mama aliuliza.

Daktari alisimama wima. "Wapi?"

"Hapo. Kuna nzi ametua. Mfukuze."

Daktari akagusa tena mahali palepale, na mguu ukajivuta, kidogo sana, kitu ambacho mtu asiyetazama asingekiona. Mkwe alikuwa anatazama. Daktari alikuwa amekwisha geuka kumwita muuguzi, alete dripu, awapigie watu wa mashine warudi kazini leo, sasa hivi, usiwaambie kesho. Mkwe alikuwa na maswali ya kuuliza, kuhusu dozi, kuhusu kule kumtambaza sakafuni, lakini miguu yake yeye ndiyo iliyokataa. Alikaa sakafuni kando ya kitanda, mkono wake ukiwa bado juu ndani ya mkono wa Mama, akalia kwa sauti mbele ya watu wote, na Mama hakumwachia.